Kadi ya Mfano

Ukipanda ghorofa ya tatu ya lile jengo la biashara la Divisoria, Manila, wakati watu wanajiandaa na Krismasi, usitegemee kutembea. Unabebwa. Umati unakupokea kwenye riboni, unakupitisha kwenye maua ya plastiki, na kama huna msimamo unashtukia umenunua katoni la vikombe vya mishumaa na hujui vya nini.

Luzviminda, ambaye kwao anaitwa Minda, alibebwa hivyo hivyo. Alikuwa ametoka San Miguel alfajiri, amevaa blauzi ya njano aliyoipiga pasi mwenyewe, sketi ya jinzi, na viatu vipya vilivyokuwa vikimtafuna vidole tangu stendi. Kwapani alikumbatia karatasi nyembamba za rangi zilizoviringishwa. Mkono wa pili ulishika boksi la pastillas, zile peremende laini za maziwa ya nyati wa kufugwa ambazo mama yake huzifunga na kuziuza. Alikuwa anatafuta duka la mashine za kukata karatasi. Duka ndilo lililompata yeye. Mama mmoja mwenye mifuko minne alimpiga kikumbo, Minda akaangukia kaunta, kiganja chake kikatua juu ya kitu cha kijani, na hapo kikakaa.

Alivuta, hakikutoka. Akavuta tena.

"Usivute, dada," sauti ilisema. "Huo ni mkeka wa gundi wa kushikia karatasi kwenye mashine, tena mpya. Ukivuta kwa nguvu utauachia ngozi."

Aliyesema hivyo alikuwa kijana mwembamba, shati lake la rangi ya chungwa limeandikwa NIULIZE mgongoni, na shavuni ameganda nyota ndogo ya waridi ambayo ni wazi hakuwa na habari nayo. Alimshika Minda kifundo cha mkono na kuanza kumbandua kidole kimoja kimoja, kuanzia kidole kidogo, kwa utulivu wa mtu anayemenya yai la moto.

"Unatafuta nini leo?" aliuliza, bado anabandua.

"Kwa sasa natafuta mkono wangu."

"Huo unakuja. Kingine?"

"Mashine. Na wewe una nyota shavuni."

Alijipapasa shavu lisilo lenyewe. Minda alinyoosha mkono uliokwisha kuwa huru, akaibandua nyota, na mkono huo ukiwa bado una gundi, nyota ikahamia kwenye kidole chake. Wote wawili waliitazama. Kijana yule aliitwa Rodelio, na tangu dakika ile, mimi nawaambia, alikuwa ameshakwisha. Yeye mwenyewe alidhani ni joto.

Minda alieleza shida yake. Kwao peremende haifungwi hivi hivi. Inavikwa karatasi laini iliyokatwa kwa mkasi mdogo, yenye maua, nyumba za nyasi na ndege, na mkia mrefu unaoning'inia chini. Mama yake, Aling Pacita, yaani Mama Pacita kwa heshima ya kwao, ndiye fundi wa kazi hiyo mtaani kwao. Sasa wateja wameongezeka, kila harusi inataka, na mikono ni ile ile miwili.

"Kwa hiyo nataka mashine inayoweza kukata kama mama," alisema.

"Zipo mbili za kuchagua," Rodelio alisema, akazigusa vichwani. "Hii nyeupe ina adabu, kila kitu inakufanyia. Ila programu yake ya kuchorea inaishi mtandaoni. Mtandao ukikatika haikati hata mstari. Halafu mapambo mazuri yote inakutaka ulipie kila mwezi."

"Yaani nikikosa bando inaninunia."

"Inakununia. Na ukiacha kulipa inajifanya haikujui."

"Huyo nimeshawahi kuwa naye," Minda alisema. "Alikuwa na pikipiki. Haya, na hii nyeusi?"

"Hii ni kimya. Programu yake unailipia mara moja, unaiweka kwenye kompyuta yako, basi. Kimbunga kije, kiende, umeme ukirudi mnaendelea mlipoishia. Lakini siku za mwanzo utailaani. Ina vitufe kama mbele ya rubani."

"Mgumu kumwelewa, ila ukimwelewa hakuachi."

"Naongelea mashine, dada."

"Na mimi naongelea mashine, kaka."

Walijaribu karatasi ya Minda. Ile nyeupe iliitafuna. Ile nyeusi iliitafuna na kuitema. Rodelio alibadilisha kisu, akapunguza nguvu, akapunguza mwendo, karatasi ikatoka imechanika kama iliyoparuliwa na kuku. Meneja, bwana mmoja mnene aliyekuwa akiangalia kwa mbali, alikohoa kikohozi cha kumwambia uza.

"Dada," Rodelio alisema kwa sauti ya chini, "nikikuuzia leo nitakuwa nimekuibia. Karatasi yako ni laini mno. Ingekuwa ngumu kidogo tu."

Minda alicheka kwa uchungu. "Nirudi nikamwambie mama nini? Atasema tungeipaka wanga na kuipiga pasi, kama kola za marehemu baba."

Rodelio aliiacha mashine. "Sema tena."

"Kola za baba?"

"Wanga. Ipakeni wanga. Ikikauka ipigwe pasi, ikatwe ikiwa ngumu." Alikuwa ameinama juu ya kaunta mpaka pua zao zikakaribiana. "Chukua nyeusi. Ikishindikana irudishe, nitaipokea mimi mwenyewe, huyo meneja asikutishe."

Minda akachagua nyeusi. Rodelio akasema subiri kidogo, kila mteja hapa anapewa kadi ya mfano. Akaenda kukaa kwenye kompyuta na kumgeuzia mgongo. NIULIZE, mgongo ulisema, lakini ukimuuliza hajibu. Minda alinunua ndizi ya kukaanga kwa muuzaji aliyekuwa akipita, akaila, akalamba vidole, akanunua nyingine. Meneja aliuliza kwa sauti kama kuna mtu amefia pale. Hatimaye mashine ikalia, Rodelio akang'oa vipande vya ziada kwa kulabu ndogo, akarudi na kadi nyeupe iliyobandikwa maandishi ya kujikunja, yaliyokatwa kwenye stika ya dhahabu. Yalisema Rodelio & Luzviminda. Chini yake kulikuwa na nafasi tupu ya tarehe.

Minda aliisoma, akainua macho.

"Ni mfano tu," Rodelio alisema, masikio yamemwiva. "Kuonyesha inavyokata."

"Mfano wa nini?"

"Wa mashine."

Minda aliiweka kadi kwenye pochi, sehemu anayoweka picha ya baba yake, na akabebwa na umati kurudi chini. Hakusikia viatu vikimtafuna mpaka alipofika nyumbani.

Aling Pacita aliizunguka mashine kama mtu aliyeletewa mgeni asiyemwalika. "Mnyama gani huyu anayekula karatasi?" aliuliza. Minda aliichomeka mashine kwenye umeme. Aliibandika ile kadi juu ya mfuniko wa mashine, kwa mapambo tu, alijiambia, maana mfuniko ulikuwa mweusi mno.

Mama aliiona jioni hiyo hiyo wakati akifuta vumbi. Alivaa miwani akaisoma. Sasa San Miguel kadi yenye majina mawili, alama ya kuyaunganisha na nafasi ya tarehe ina kazi moja tu duniani. Aling Pacita hakumuuliza binti yake kitu, kwa sababu alilelewa vizuri. Alikwenda kumuuliza dada yake. Dada mtu akamuuliza jirani. Kufikia wiki iliyofuata muuza nguruwe wa harusi alikuwa ameshatuma salamu.

Minda hakujua hayo. Yeye alikuwa kwenye simu.

"Halo, huduma kwa wateja," Rodelio alipokea.

"Huu mkeka unanata sana. Karatasi inachanika nikiitoa."

"Chukua nguo, ipigepige juu ya mkeka. Nyuzi zitaupunguza ukali."

"Nguo ipi?"

"Yoyote. Blauzi, hata."

"Ile ya njano?"

"Ya njano iache," Rodelio alisema. "Ile ilikupendeza."

Minda alikata simu kwa mshtuko, kisha akakaa akiitazama ule muda wote ambao wanga ulikuwa jikoni ukiungua.

Wanga wa kwanza ulikuwa mzito, karatasi ikakauka na kuvunjika kama papadi. Wa pili ulikuwa mwepesi, mashine ikaitafuna kama kawaida. "Jaribu maji ya mchele," Rodelio alisema, naye mwenyewe alikuwa anachemsha mchele chumbani kwake Manila ili wajaribu pamoja, kila mtu na sufuria yake, simu zimeegemezwa kwenye kopo la chumvi. Usiku mama yake Rodelio alikula wali wa bokoboko na akauliza mwanangu umeanza kuumwa tumbo? Siku ambayo karatasi ilitoka nzima, ina nyumba ya nyasi, ina ndege, ina mkia mrefu usiokatika, Minda alipiga simu na kushindwa kuongea.

"Imekata?" Rodelio aliuliza.

"Imekata."

"Na mkia?"

"Na mkia, mpenzi." Neno lilitoka lenyewe. "Yaani, kaka. Nilitaka kusema kaka."

"Neno lililotangulia lilikuwa halina tatizo," Rodelio alisema.

Basi ikawa hivyo. Asubuhi anapiga kuuliza kisu kikae namba ngapi, na anajua. Mchana anapiga kuuliza faili linahifadhiwa wapi, na lilikuwa mbele ya macho yake. Jioni hana swali kabisa, anapiga kusema hana swali. Aling Pacita alikuwa amekaa pembeni na mkasi wake, anakata ua, anasikiliza, anaangalia kadi kwenye mfuniko, anaguna.

"Huyo fundi wako," alisema siku moja, "mashine yake inaharibika sana."

"Ni mpya, Mama. Inajifunza."

"Mm. Naona inajifunza."

Siku moja ujumbe ukaja kwamba Jumamosi duka lina somo la bure kwa wote walionunua. Minda alivaa gauni la buluu lenye mikono mifupi, akapaka mdomo rangi, akaifuta, akaipaka tena. Kadi aliiacha kwenye mfuniko. Aliona aibu kuibeba, kama mtu anayekwenda benki na kibubu chake.

Chumba cha somo kilikuwa juu ya duka, kina feni moja inayogeuka kwa manung'uniko. Walikuwepo Aling Charing, mama wa makamo anayepamba keki za siku za kuzaliwa, mwalimu mmoja wa chekechea aitwaye Jonalyn, watu wengine kadhaa, na mbele kabisa Sista Benilda, mtawa wa miaka sabini na kitu aliyenunua mashine kwa ajili ya stika za watoto wa kipaimara. Rodelio aliingia na shati lake la NIULIZE, akamwona Minda nyuma, akalisahau jina lake mwenyewe, akashika kitu kilicho karibu zaidi, na hicho kilikuwa somo alilolitoa mara nyingi mpaka mdomo unalijua.

"Leo tunajifunza kuunganisha herufi," alisema. "Haya maandishi ya kujikunja, herufi zinalaliana. Wewe unaona neno moja, programu haioni hivyo. Inakata kila herufi peke yake, hata pale zinapolaliana inapitisha kisu. Ukibandua unabaki na vipande. Kuyaunganisha ni kazi ya taratibu, herufi kwa herufi. Ndiyo maana kwenye mfano huwa siunganishi, ili mlione kosa wenyewe. Haya, toeni zile kadi nilizowapa siku ya kwanza."

Alipomaliza sentensi hiyo akagundua alichosema. Ilikuwa imeshatoka.

Pochi zilifunguliwa. Aling Charing alitoa kadi ya dhahabu. "Yangu imebaki Rodelio & haring," alisema. "C ilidondokea kwenye keki, mtoto wa watu akaila."

"Yangu O imekwenda na jasho," Jonalyn alisema. "Nimebaki na Rodeli. Mume wangu ananiuliza kila siku huyu Rodeli ni nani."

Sista Benilda alifungua kitabu cha sala, akatoa ya kwake iliyokuwa ikishika ukurasa. Rodelio & Benilda, ilisema, imepungukiwa herufi mbili, na nafasi ya tarehe iko pale pale. "Mama Mkuu aliikuta," Sista alisema kwa upole. "Aliniita ofisini. Nilimwambia ni mashine, Mama, akasema wote huwa wanasema hivyo."

Chumba kizima kilicheka. Minda naye alijaribu kucheka. Macho yakamjaa, akaona aibu kuliko alivyowahi kuona aibu maishani. Miezi yote hii alikuwa ameibandika ile kadi mahali pa heshima. Kumbe ni kama karatasi ya matangazo, wanapewa wote, mpaka watawa.

Alisimama. "Samahani, ya kwangu sikuja nayo," alisema. "Sikujua kama tuko kwenye foleni."

"Minda, subiri," Rodelio alisema.

"Msubirishe Sista. Yeye kafika kabla yangu."

Akashuka. Rodelio alimfuata mpaka kwenye riboni, lakini umati wa ghorofa ya tatu hauchagui. Ulimbeba Minda kuelekea mlangoni, ukambeba Rodelio kuelekea kwenye maua ya plastiki. Alirudi dukani na shada la hudhurungi ambalo hakumbuki kulilipia.

Alipiga simu jioni ile. Minda alipokea.

"Minda, nisikilize."

"Mteja wako wa ngapi anaongea?"

"Hiyo ni kawaida ya duka. Meneja anataka mteja aone majina mawili, watu wengi wananunua kwa ajili ya harusi. Natumia la kwangu kwa sababu halimkwazi mtu."

"Limenikwaza mimi."

"Ya kwako ilikuwa tofauti."

"Hiyo nayo unawaambia wote, au Sista tu?" Minda alisema, na sauti ikamtoka vibaya mwishoni, akakata. Kisha aliizima simu na kuilaza kifudifudi mezani, na tangu hapo ikawa hivyo. Anaiwasha kuwajibu wateja, ikija na jina la Rodelio anaiacha ilie.

Aliililia mashine. Hakuwa na mwingine wa kumlilia, maana mama angetaka kujua. Na hapo ndipo alipogundua jambo la kutisha. Shangazi yake alikuja na kipimo cha kushonea, akamzungushia kiunoni bila kusema kitu, akaandika namba kwenye kiganja. Mke wa muuza nguruwe alimuuliza njiani kama wageni watapenda mnyama mkubwa au wa wastani. Minda alirudi nyumbani mbio. Mtaa mzima ulikuwa unasubiri wazazi wa mwanamume waje kumposa, mwanamume mwenyewe ana wachumba chumba kizima. Kila jioni alisema leo nitamwambia mama ukweli, na kila jioni mama alikuwa anaimba huku anakata mkia wa karatasi, na Minda akashindwa. Alikuwa anampenda yule mtu. Hilo ndilo lililokuwa linamuuma, si mtaa.

Ijumaa Minda alikwenda sokoni akaiacha simu. Ililia. Aling Pacita aliitazama, akavaa miwani, akasoma jina, akapokea.

"Minda, tafadhali usikate," sauti ilisema.

"Sikati. Ninakata karatasi tu. Ni mama yake hapa."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmekorofishana, naona. Siingilii. Mimi nina swali langu moja tu, maana mtaa unaniuliza na mimi sina jibu. Kadi tumeiona. Majina yameandikwa vizuri. Sasa wazazi wako wanakuja lini?"

Upande wa pili, ghorofa ya tatu, Rodelio alikuwa ameshika mashine nyeupe ya mteja kifuani kama mtoto mchanga. Alielewa kila kitu kwa mkupuo. Alielewa kwamba kadi ilibandikwa, kwamba mama ameisoma, kwamba kuna mtaa. Alijua pia kwamba jibu la kweli ni maneno matatu tu, ulikuwa mfano, Mama. Aliyafikiria maneno hayo. Yalikuwa marahisi sana kuyasema na kila kitu kingekwisha hapo.

"Jumapili, Mama," Rodelio alisema.

"Jumapili hii?"

"Hii."

"Uje na mtu anayejua kupika pancit," Aling Pacita alisema. "Shangazi zake wanapenda kula." Akakata simu, akarudi kwenye ua lake, na hakumwambia binti yake neno, kwa sababu alidhani Minda anajua.

Jumapili asubuhi Minda aliamka na uamuzi. Alikuwa amevaa dera la nyumbani lililopauka, kichwani rola za plastiki, usoni unga wa mchele aliompaka shangazi akisema utang'aa. Kwa nini ang'ae hakuuliza. Aliketi mbele ya mashine na kuitazama kadi.

"Jina langu ni zuri, sina ugomvi nalo," aliiambia. "Wewe ndiye unayeondoka."

Aliushika mguu wa R kwa ukucha, akavuta taratibu, kuanzia pembeni, kama alivyofundishwa. R iliinuka. O ikaifuata. D ikaifuata O. Minda alikunja uso, akaendelea kuvuta. Jina lote la Rodelio liliinuka kama uzi, mwisho wake ukashika alama ya katikati, alama ikaishika L, na L ikaanza kuinua Luzviminda yote, herufi kumi, mpaka a ya mwisho. Alibaki ameshika kitu kimoja cha dhahabu kinachoning'inia kwenye vidole, kinatikisika kwa pumzi yake. Hakuna kilichobaki kwenye kadi.

Sasa alikuwa anaijua ile programu. Alijua kwamba mashine haifanyi hivyo yenyewe. Lazima mtu akae, aisogeze herufi mpaka iiguse ya jirani, abonyeze, aende nyingine. Majina marefu kama yao ni kazi ya muda wa kula ndizi mbili. Alimwona tena amemgeuzia mgongo, meneja anauliza nani amefia pale. Ya Aling Charing ilipoteza C. Ya Jonalyn ilipoteza O. Ya Sista ilipukutika kitabuni. Ya kwake ilishinda juu ya mashine inayotikisika miezi yote na haikupoteza hata nukta.

"Simu," alisema. "Mama, simu yangu iko wapi?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni amevaa gauni lake la kanisani. Nje honi ililia, ikalia tena, na uani ikaingia jipni, basi dogo la kukodi, imejaa watu wenye nguo za sherehe. Akashuka bwana mzee amevaa barong, shati la sherehe la kwao, iliyonyooka kwa wanga. Akashuka mama mwenye sufuria kubwa ya pancit, tambi za sherehe, iliyofungwa kitambaa. Akashuka kijana mwembamba mwenye barong ya kuazima, mikono mifupi kwake, na shavuni ameganda nyota ya waridi. Mwisho kabisa, akishikwa mkono na dereva, akashuka Sista Benilda.

"Nimekuja kutoa ushahidi kwamba mimi nilikataa," Sista alimwambia Aling Pacita.

Rodelio aliuchukua mkono wa Aling Pacita akaugusisha kwenye paji la uso wake, kama vijana wa kwao wanavyoamkia wakubwa. Kisha alimgeukia Minda, akaziona rola, akauona unga, na akatabasamu kama mtu aliyefika kwao.

"Minda, kabla hujanifukuza," alisema. "Nilitaka kukueleza ile kadi. Wote nawakatia hivi hivi. Siku ile nilipoandika jina lako nilikuwa nimetoka tu kukubandua mkono kwenye mkeka. Nikashindwa kukukata vipande. Nikaunganisha. Meneja alinikata mshahara wa nusu siku kwa sababu yako."

"Na hiyo nyota?"

"Hii ya leo nimeibandika makusudi. Nilitaka unitambue."

Minda alijaribu kumkasirikia kidogo, kwa heshima ya mtaa uliokuwa umejaa kwenye uzio. Hakuweza. Machozi yalichimba mifereji kwenye unga wa mchele, naye akacheka humo humo.

"Asubuhi hii nimejaribu kukubandua," alisema.

Rodelio alijishika shavu lenye nyota. "Ikawaje?"

Minda alinyoosha mkono. Kwenye vidole vyake kilining'inia kile kipande cha dhahabu, majina mawili yameshikana mkia kwa kichwa.

"Nimevuta jina lako," alisema, "likaja na la kwangu."

Mama mwenye sufuria alijifuta macho kwa kitambaa cha pancit. Rodelio alisogea, akaupokea mkono wa Minda pamoja na kilichokuwa kwenye mkono, na kile kitu, ambacho bado kilikuwa na gundi, kikawaganda wote wawili.

"Msivute," Aling Pacita alisema. "Ingieni ndani hivyo hivyo. Pancit inapoa, na ile kadi bado haina tarehe."